Karavani kusini: kipi ukarabati Mtwara au Lindi, kipi usubiri spea

Anayetafuta karavani iliyotumika, yaani nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari, ili aiweke ufukweni Msimbati kwa ajili ya wageni, au aivute kijiji hadi kijiji msimu wa korosho, kwanza huulizia kitanda, friji na paneli ya sola. Mimi ningeanzia chini, kwenye magurudumu, na ningeuliza swali moja: ikiharibika Nangurukuru au Tandahimba, nani ataifungua?

Jibu la swali hilo linaamua karibu kila kitu kilichomo humu. Kifaa kizuri ambacho fundi wake mmoja yuko Dar es Salaam si kizuri kwa mtu wa Newala. Lakini zipo sehemu tatu ambazo kanuni hiyo naivunja bila haya: breki pamoja na kiungo cha kuvutia, gesi, na ulinzi wa umeme. Huko hakuna "tufunge hivihivi kwanza". Karavani inakaa mpaka spea ifike.

Mlango uko upande gani

Hili ni dogo kulitaja, ila halirekebishiki kwa pesa kidogo. Karavani za Uingereza zina mlango upande wa kushoto, kwa sababu wao kama sisi huendesha kushoto. Za Afrika Kusini vilevile. Za Ujerumani, Ufaransa na Marekani mlango uko kulia. Ukisimama pembeni ya barabara pale Mnazi Mmoja kula chakula, mtoto anayeshuka kutoka karavani ya Marekani anashukia upande yanakopita mabasi ya Dar. Kama karavani itakaa ufukweni mwaka mzima, sahau jambo hili. Kama itasafiri, lipe uzito, maana kuhamisha mlango ni kukata ukuta unaosaidia kubeba paa.

Ekseli ya mpira na ekseli ya springi

Karavani nyingi za Ulaya zimekalia ekseli ya mpira: bomba la chuma lenye mipira ndani, inayobanwa na kujisokota gurudumu linapopanda. Haina springi ya kuonekana, haina kelele, haidai grisi. Kwenye lami kati ya Lindi na Mtwara ni starehe tupu. Taabu yake ni kwamba mpira ukichoka haubadilishwi peke yake. Unabadilisha ekseli nzima, na ekseli hiyo huipati Mtwara, pengine hata Dar hadi iagizwe. Kuitambua iliyochoka si kazi: tazama mkono unaoshika gurudumu karavani ikiwa na mzigo. Mkono ukiwa umepinda kwenda juu, na tairi limekaribia kugusa tao lake, umeshaisha.

Nyingi za Marekani, na zile za Afrika Kusini zilizoundwa kwa ajili ya barabara mbovu, zinatumia springi za vyuma vilivyopangana, sawa na za nyuma ya pikapu. Zinarusha zaidi, bushi zake zinakwisha, na bolti zinazoshikilia springi zinataka kukaguliwa. Lakini chuma kimoja kikivunjika karibu na Ndanda, fundi wa springi wa Masasi anakitoa na kuweka kingine siku hiyohiyo. Kwa mtu anayepanda uwanda wa Makonde na kushuka, kwenye vumbi jekundu na mashimo, sioni cha kubishania: springi.

Beringi nazo zinafuata mkondo huohuo. Ekseli za AL-KO, ambazo ndizo zilizo chini ya karavani nyingi za Ulaya, zina beringi iliyofungwa kabisa, iliyogandamizwa ndani ya dramu, na nati kubwa ya kutumika mara moja tu. Ukiifungua hata kwa kuchungulia laini za breki (vile vipande vinavyosuguana na dramu), nati ile ni ya kutupa. Mpya inakazwa kwa Nm 290 (nyutoni-mita, kipimo cha mkazo), na kipimo hicho hakipatikani kwa spana iliyochomekwa bomba na fundi wawili kuning'inia. Inahitaji spana ya kupimia mkazo. Kwa hiyo mwenye karavani ya Ulaya huku kusini anunue nati nne za akiba siku ileile anaponunua karavani, na aulize mapema ni gereji gani yenye spana hiyo. Zile za makampuni yanayohudumia mitambo ya gesi au malori makubwa ndizo za kuanzia.

Ekseli ya Marekani ina beringi mbili za koni kila upande. Fundi yeyote aliyewahi kufungua habu ya mbele ya pikapu ya zamani anaijua: toa pini, toa nati, osha kwa dizeli, kausha, jaza grisi kwa kiganja mpaka itokeze upande wa pili, weka sili mpya. Dexter, ambao ndio watengenezaji wakubwa wa ekseli hizo, wanasema ifanyike kila miezi 12 au maili 12,000, yaani kilomita 19,000 na ushei. Kwa mchanga na chumvi ya hapa ningefungua kila mwaka bila kutazama kilomita, na tena mara moja kama habu zimezama majini.

Kuna pendekezo la tatu ambalo utalisikia kwa kila fundi wa kuchomelea: "Kaka, weka ekseli ya pikapu, umemaliza." Kwa tela la kubebea magunia kwa mwendo wa pole, sawa. Kwa karavani nakataa. Breki za ekseli ile ni za mafuta na zinasubiri pedali ambayo tela halina, kwa hiyo utakachopata ni nyumba ya tani moja na nusu isiyo na breki. Isitoshe, AL-KO wanakataza kutoboa wala kuchomelea chesisi zao. Ukiunguza zinki ile, kutu inaanzia hapohapo, na moshi wake unamwachia fundi homa usiku.

Kabla mtu yeyote hajaingia chini: mawe au vigingi mbele na nyuma ya gurudumu linalobaki chini, ubao mpana chini ya jeki (mchanga wa Msimbati unameza jeki), kisha stendi za chuma chini ya ekseli au mahali palipoonyeshwa na mtengenezaji. Miguu minne ya pembeni ni ya kutuliza karavani isitikisike mtu akitembea ndani. Haikuundwa kuinua. Na jeki peke yake si kitu cha kulalia chini yake hata kwa dakika ya kutafuta nati iliyodondoka.

Gololi, uzito wa pua, breki

Gololi ya kuvutia, ile ya nyuma ya gari inayoshikwa na mdomo wa karavani, kwa Ulaya na Afrika Kusini ina kipenyo cha milimita 50. Ya Marekani ya kawaida ni inchi 2, yaani milimita 50.8, na zipo nyingine za inchi 2 na 5/16 kwa matela mazito. Hiyo sehemu ndogo ya milimita ndiyo inayowadanganya watu. Mdomo wa karavani ya Marekani unafunga vizuri juu ya gololi ya Ulaya, unasikia "kli", unaondoka, na kumbe umeshika kwa ulegevu. Namba imechongwa juu ya gololi. Isome. Isipofanana na iliyo kwenye mdomo, badilisha gololi, ambayo ni bolti moja tu.

Uzito unaokalia gololi hiyo nao una mapokeo mawili. Ulaya wanalenga asilimia 5 hadi 7 ya uzito wa karavani iliyopakiwa, Marekani asilimia 10 hadi 15. Kwa karavani ya kilo 1,200 hiyo ni kilo 60 hadi 84 kwa hesabu ya Ulaya, na 120 hadi 180 kwa hesabu ya Marekani. Usichanganye: chesisi na kiungo cha Ulaya havikuundwa kubeba kilo 150 puani, na karavani ya Marekani yenye kilo 70 puani itaanza kuyumba ikipitwa na lori. Kikomo cha gari lako nacho kina neno, na kati ya vikomo vyote unafuata kilicho kidogo. Kupima hakuhitaji kifaa cha kuagiza. Mizani ya jukwaa ya kupimia korosho inatosha. Weka kipande cha mti kati ya mizani na mdomo, karavani ikiwa sawa na magurudumu yamezuiwa, soma. Pua ikiwa nyepesi, sogeza vitu vizito kuelekea mbele kidogo ya ekseli. Usirundike maji na betri nyuma kabisa.

Breki za Ulaya hujisukuma zenyewe: gari likipunguza mwendo, karavani inalisukuma, fimbo inarudi ndani na kuvuta nyaya za breki. Hazihitaji umeme wala kifaa ndani ya gari, na nyaya zake ni za aina ambayo fundi wa hapa anaielewa akiiona. Zikipuuzwa, fimbo inakauka grisi na kizuia mshtuko chake kinakufa, ndipo kila ukikanyaga breki unasikia kishindo mgongoni. Za Marekani ni za umeme wa volti 12. Sumaku ndani ya dramu inavutwa na kubana breki kwa kiasi kinachoamuliwa na kidhibiti kilichofungwa karibu na usukani.

Kwa mteremko mrefu, kama ule wa kushuka kutoka uwanda wa Makonde, za umeme zina faida mbili. Unaweza kuzirekebisha kulingana na mzigo, na karavani ikianza kuyumba unaweza kuibana yenyewe bila kugusa breki za gari. Za kujisukuma zinabanwa muda wote gari linapozuia, hivyo zinapata moto. Shuka kwa gia ndogo tangu juu kabisa. Lakini nyaya za umeme na sumaku hazipendi chumvi, na kosa lake ni la kimyakimya: waya umeoza, breki haipo, nawe hujui mpaka utakapoihitaji. Kwa gari moja linalovuta karavani moja siku zote, na mwenye nidhamu ya kupima, ningechukua za umeme. Kwa karavani itakayovutwa na gari lolote litakalopatikana, za kujisukuma, kwa sababu gari lisilo na kidhibiti linaiacha karavani ya Marekani bila breki hata kidogo.

Aina zote mbili zina waya mwembamba wa dharura unaokaza breki karavani ikichomoka. Ufungwe kwenye chuma cha gari, kamwe usiuzungushe shingoni mwa gololi ukateleza nayo. Laini za breki za karavani za zamani huenda zina asbesto, basi vumbi la dramu lisipulizwe kwa kompresa. Lilowanishe na kulipangusa.

Matairi: angalia tarakimu nne za mwisho wa alama ya DOT iliyo ubavuni mwa tairi. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la karavani hufa kwa umri na jua kabla kashata zake hazijaisha, kwa hiyo likifika miaka 5 anza kulikagua kwa mashaka, na likifika 7 litoe hata kama linang'aa. Tairi jipya lisiwe na uwezo wa kubeba ulio chini ya lile la awali. Ukishafunga gurudumu, kaza nati zake tena baada ya kilomita 50, yaani ukitoka Mtwara, kabla hujafika Lindi.

Paa: kuziba kwa silikoni, kuziba kama inavyotakiwa, au kujenga banda

Hapa ndipo karavani nyingi hufia, na hufa polepole kiasi kwamba mwenyewe hasikii. Mikoa hii ina msimu mmoja mrefu wa mvua, takriban Disemba hadi Aprili, halafu upepo wa kusi unaleta unyevu wa bahari. Maji yanaingia kwenye tundu la skrubu, yanakaa ndani ya mti wa fremu, na kufikia mvua ya pili ukuta unabonyea kwa kidole.

Kila duka la vifaa vya ujenzi lina silikoni, ile ya kuzibia vioo na masinki, na kila fundi atakuambia pakaa juu ya ufa. Nakusihi usifanye hivyo. Maji hayaingii kupitia ule ufa unaouona tu, yanapita nyuma ya reli ya alumini. Ukipaka silikoni juu, umeyafungia ndani. Halafu siku utakapotaka kufanya kazi ya kweli, hakuna kitu kitakachoshika pale palipokuwa na silikoni mpaka uikwangue yote. Mafundi wa majahazi wa Mikindani wanalijua hili kuliko sisi: anayetia kalafati hufungua mwanya, hutoa cha zamani, ndipo hujaza.

Kazi yenyewe inategemea paa. Paa la alumini la karavani za Ulaya na Afrika Kusini: toa reli, kwangua gundi kavu, safisha, laza utepe wa butili (mpira laini unaonata), rudisha reli kwa skrubu mpya za chuma kisichoshika kutu, kisha punguza butili iliyotokeza. Paa la mpira la karavani nyingi za Marekani: usisafishe kwa petroli, tina wala mafuta ya taa, maana yanaula mpira. Tumia sabuni na maji, kisha gundi maalumu ya paa la mpira inayojitandaza yenyewe kuzunguka matundu ya hewa na kona. Gundi hiyo na butili vitabidi viagizwe. Vinafika kwa basi, wala si vizito. Fanya kazi hii kati ya Julai na Oktoba, na baada ya kukausha ndani. Kipima unyevu kikisoma chini ya asilimia 15 uko salama. Kati ya 15 na 20 fuatilia. Juu ya hapo tafuta chanzo kabla ya kupaka rangi au kubandika plaiwudi mpya.

Kwa karavani isiyosafiri, lipo chaguo ambalo hutalikuta kwenye mwongozo wa kiwanda: banda la makuti juu yake, lililosimama kwa nguzo zake lenyewe, likiacha nafasi ya hewa. Linazuia mvua, linazuia jua lisiue mpira wa paa na madirisha, na linapunguza joto la ndani kiasi cha kukufanya usinunue kiyoyozi. Kwa pesa inayotumika, sijaona uboreshaji mwingine unaolikaribia. Masharti yake ni mawili. Makuti yanawaka, kwa hiyo jiko, jenereta na grinda vikae mbali na banda. Na usipigilie mabati ya nyumba juu ya karavani yenyewe kama njia ya mkato, kwa kuwa umeongeza uzito juu kabisa na matundu mapya ya misumari.

Kutu na mchwa nitavipita haraka. Baada ya ufukwe, chesisi ioshwe kwa maji ya bomba, hasa ndani ya vyuma vyenye umbo la sanduku. Palipochubuka, piga brashi ya waya kisha rangi yenye zinki, ambayo kwenye chesisi iliyochovywa zinki inafaa kuliko red oksaidi ya kawaida. Karavani iliyotua juu ya matofali ikae na kipande cha bati kati ya tofali na chuma, kikiwa kimetokeza pembeni, ili njia ya udongo ya mchwa ionekane. Tazama kila wiki. Mchwa akifika kwenye fremu ya mti, umesharudi kwenye habari ya paa, safari hii kutokea chini.

Umeme: volti, rangi za waya, na betri

Karavani ya Uingereza au Afrika Kusini inakubaliana na umeme wa TANESCO: volti 230, hezi 50. Ya Marekani ni volti 120, hezi 60. Ukiichomeka moja kwa moja unaunguza chaja, friji na maikrowevu kwa mpigo. Unahitaji transfoma ya kushusha volti yenye uwezo wa mzigo wote, au utoe mfumo mzima wa 120 na kufunga wa 230. Mimi napenda hilo la pili kwa karavani itakayokaa, kwa sababu transfoma siku moja itachomolewa na mtu asiyejua.

La hatari zaidi ni rangi. Fundi umeme wa hapa amezoea kahawia au nyekundu kuwa waya wa moto, na bluu au nyeusi kuwa nyutro. Marekani waya mweusi ndio wa moto na mweupe ndio nyutro. Na ndani ya karavani hizo hata waya za volti 12 mara nyingi nyeusi ni chanya na nyeupe ni hasi, kinyume cha gari lolote alilowahi kushika. Kabla hajaanza, mwambie apime kila waya kwa mita, asiamini macho. Kila karavani, ya kokote, iwe na swichi ya kujikata ya RCD ya miliampea 30, na ardhi iliyoungwa na chesisi.

Betri ndiyo sehemu ambayo bei hupotosha watu zaidi. Za Ah 100 (ampea-saa, kipimo cha umeme ambao betri inahifadhi) zikilinganishwa zinaonekana hivi:

| | Asidi na risasi | Lithiamu (LiFePO4) |
|---|---|---|
| Unazoweza kutumia bila kuiumiza | Ah 50 hivi | Ah 80 au zaidi |
| Uzito | kilo 28 hivi | kilo 12 hivi |
| Mizunguko ya kuchaji | mamia machache | 2,000 na kuendelea |
| Chaja ya zamani ya karavani | inafaa | mara nyingi haitoshi |
| Kupatikana Mtwara na Lindi | maduka ya sola na ya spea za magari | mara nyingi ya kuagiza |

Joto linabadilisha hesabu. Kwa betri za asidi kanuni ya kawaida ni kwamba kila nyuzi 10 juu ya nyuzi 25 hupunguza maisha yake karibu nusu, na sanduku la betri lililofungwa, likichomwa na jua la Februari la Lindi, halina nyuzi 25. Anayelala ndani kila siku, akiendesha friji, atabadilisha za asidi mara nyingi mpaka lithiamu iwe ndiyo ya bei rahisi. Anayeitumia karavani miezi mitatu ya korosho na kuifunga, achukue ya asidi, aiweke mahali penye hewa inayotoka nje kwa sababu inatoa haidrojeni ikichajiwa, na aiache imejaa.

Ukichagua lithiamu, usiiunganishe tu kwa waya uliotoka kwenye alternata. Inavuta ampea nyingi mno. Weka chaja ya volti 12 kwenda 12 katikati, na hakikisha kontrola ya sola ina mpangilio wa lithiamu wa volti 14.4 hivi. Kwa aina yoyote, fyuzi ya chanya ikae jirani kabisa na betri, isizidi urefu wa kiganja. Kazi yake ni kuulinda waya usiwake, na ndiyo maana kuweka kipande cha waya mahali pa fyuzi iliyokatika, mazoea yaliyoenea mno kwenye magari yetu, ndani ya karavani ya plaiwudi ni kuandaa moto.

Fundi akija kuchomelea popote kwenye chesisi, betri ichomolewe, mitungi ya gesi itolewe nje kabisa, na ndoo ya maji na kizima moto cha unga viwe mkononi mwa mtu ambaye hana kazi nyingine. Namba ya Jeshi la Zimamoto ni 114, ila Msimbati usitegemee wafike kabla plaiwudi haijaisha.

Gesi, mkaa na friji

Watu wa Mtwara tuna mazoea yanayotuponza hapa. Tunaijua gesi asilia: iligunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, inasafishwa Madimba na kwenda Dar kwa bomba. Hiyo karibu yote ni methani, nyepesi kuliko hewa, ikivuja inapanda. Gesi ya mtungi ya jikoni ni kitu kingine, nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka na kutulia sakafuni. Kwa sababu hiyo sanduku la mtungi lina tundu chini, na king'ora cha gesi hufungwa karibu na sakafu. Nimeona matundu ya sakafuni yamezibwa kwa matambara kuzuia vumbi na panya. Weka wavu wa waya, usizibe.

Mtungi wa kilo 6 unapatikana mpaka vijijini, ni mwepesi, na unaingia kwenye sanduku la karavani nyingi. Wa kilo 15 unakaa muda mrefu lakini unaongeza uzito puani, tena mara nyingi hauingii, na hapo ndipo watu huuweka ndani chini ya meza. Kama hauingii kwenye sanduku lake, unakaa nje. Majiko ya karavani ya Ulaya yameundwa kwa shinikizo la milibari 30 hivi, na ya Marekani yanakaribiana nayo. Regulata ya kawaida ya nyumbani iko jirani na hapo, ila soma kibati cha jiko. Ile regulata ya kufungulia kwa mkono inayotumika kwenye majiko makubwa ya mama lishe ni marufuku: inapeleka shinikizo kubwa kwenye bomba na vali zisizolimudu. Mpira wa gesi una tarehe. Badilisha kila miaka 5, au mara tu ukiona nyufa. Kila ukifungua kiungo, kipime kwa povu la sabuni, si kwa kiberiti.

Mkaa dhidi ya gesi hauna ulinganisho ndani ya karavani. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani, hata la kuchemshia chai, hata mvua ikinyesha, hata likiwa limebaki na makaa ya chini tu. Hewa inayoua, kaboni monoksaidi, haina harufu, na karavani ni chumba kidogo kilichozibwa vizuri, hasa baada ya kazi yote ile ya paa. King'ora cha kaboni monoksaidi ni cha lazima kuliko sola.

Friji za zamani za karavani hutumia gesi, umeme wa nyumbani au wa volti 12, na zinataka karavani iwe imenyooka na joto la nyuma yake litoke. Kwenye nyuzi 33 na upepo umetulia zinapoa kwa shida. Friji ya kompresa ya volti 12 haijali mshazari wala joto sana, ila inakula Ah 30 hadi 50 kwa siku. Rudi kwenye jedwali: hiyo ni karibu yote unayoweza kutumia ya betri moja ya asidi. Kwa hiyo anayetaka samaki wa Mikindani akae siku tatu anunue kompresa, lithiamu na paneli ya wati 200 kwa pamoja, au asinunue hata kimoja na atumie sanduku la barafu. Kinachoudhi ni nusu ya mpango.

Fundi wa hapa, au kuvuta mpaka Dar

Kwa kazi nyingi, leta spea, usipeleke karavani. Mtwara hadi Dar ni zaidi ya kilomita 550, na mabasi yanabeba vifurushi kila siku. Piga picha ya kibati cha ekseli na namba za breki, itume kwa muuzaji, subiri. Springi, beringi za koni, rangi, mbao, matairi na umeme wa volti 12 vyote vinamalizika hapahapa. Kazi ya gesi ifanywe na fundi anayeshughulika na gesi, hata kama ni kumgharimia nauli aje.

Kinachostahili safari ni ekseli ya mpira iliyokufa au chesisi iliyopinda, na hapo mara nyingi kuipakia juu ya lori linalorudi tupu ni salama kuliko kuivuta kwa magurudumu yake mabovu. Epuka miezi ya mvua. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, barabara ya kusini ilikatika wilayani Kilwa na magari yakakwama pande zote mbili. Ukilazimika kwenda kipindi hicho, waulize madereva wa mabasi hali ya Somanga ukiwa bado Nangurukuru, maana ukishaingia kwenye foleni ya malori huko mbele, hutapata nafasi ya kuigeuza karavani.